Maji ya Bamvua Yanapoingia Mikokoni

Mwenye kuihesabu tarehe ya Kiislamu hana haja ya kumwuliza mvuvi maji yatajaa lini. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, na baada ya siku moja au mbili huja bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mnamo tarehe 8 na tena mnamo tarehe 22, mivuto hiyo hukingana, na bahari huwa na maji mafu. Hivyo mama anayefunga siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, anapokunja jamvi la futari ya mwisho anaweza kumwambia mwanawe, bila ya kutazama jedwali lolote, kwamba kesho maji yatajaa baada ya sala ya Alasiri, yapata saa kumi na zaidi kidogo, na yatakupwa kabisa yapata saa tano ya usiku. Ndivyo pwani yetu ilivyo: bamvua hujaa alasiri na alfajiri, maji mafu hujaa asubuhi na usiku. Katika mabamvua makubwa ya Mombasa tofauti baina ya maji makavu na maji makuu hukaribia mita 4. Maji mafu hayafiki hata nusu yake.

Tumeanza na hesabu hii kwa kuwa safari tunayoisimulia ilipangwa kwayo. Tulitaka kumfuata samaki mmoja, chewa, mpaka mahali anapokulia, na mahali hapo panafikika kwa mashua siku za bamvua tu. Tunazungumzia mikoko ya mkono wa bahari unaoingia bara upande wa Tudor, nyuma ya kisiwa chetu, msitu ambao asubuhi ni tope na jioni ni bahari.

Ulimwenguni iko misitu mingine inayofunikwa na maji, na watu wake huingia humo kuvua. Katika bonde la mto Amazon maji hupanda juu ya miti kwa miezi kadhaa, na samaki huogelea matawini wakila matunda. Kambodia ina ziwa la Tonle Sap, ambalo kila mwaka hufura likaimeza misitu ya kando yake. Marekani wako watu wanaosafiri masafa marefu wakiburuta mashua nyuma ya gari, ili kumtafuta samaki wa maji baridi aitwaye bass baina ya magogo yaliyofunikwa na maji. Wetu sisi ni msitu unaofunikwa na kufunuliwa mara mbili kwa siku, na mwaka una majira yake pia. Mnamo Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, jua linapokuwa juu ya ikweta, mabamvua huwa makubwa kuliko ya miezi mingine, na maji hufika kwenye miti ya nyuma kabisa ambayo kwa kawaida hulowa mizizi tu. Mvua za mwaka zinapoanza, mito ya Kombeni na Tsalu huongeza maji matamu kutoka bara, na rangi ya mkono wote ikageuka kuwa ya chai.

Tulipanda mashua karibu na bandari ya zamani baada ya sala ya Adhuhuri, siku ya tarehe 16 ya mwezi. Tulikuwa akina mama sita, wasichana watatu na kaka zetu wawili, pamoja na nahodha. Kila mmoja alivaa jaketi la kuelea, na mmoja wa shangazi zetu alilalamika njia nzima kwamba linamkunja buibui.

Mji wa Kale ukiutazama kutoka baharini si mji ule tunaoupita kila siku kwa kuharakia sokoni. Roshani zinazoelekea majini ni nyingi kuliko zile za vichochoroni, na kamba za nguo ni nyingi kuliko roshani. Mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry, ambao kwa mapokezi ya wenyeji ulijengwa mwaka 1570, unaonekana mfupi kuliko tulivyodhani, kwa sababu paa za nyumba zimekua na wenyewe umesimama palepale. Nyuma yetu ilibaki Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Mbele ya ngome hiyo, chini ya maji, imelala merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira ngome. Wazamiaji waliichunguza baina ya 1977 na 1980, na vyombo walivyovitoa vimo katika makumbusho ya Ngome. Nahodha wetu alikuwa na neno moja tu juu yake: mbao ikizama, samaki huhamia. Tuliliweka akilini.

Mbao zilizotuhusu zaidi zilikuwa juu ya ardhi. Dari za zile nyumba za mawe zimebebwa na boriti za mkoko na za ndugu zake. Vyumba vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa boriti haikumruhusu fundi kuupanua ukuta kupita kiasi cha mita 3 hivi. Wakataji walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa karne nyingi majahazi yaliyokuja na kaskazi yaliondoka na kusi yakiwa yamesheheni miti hiyo kuipeleka Oman na Ghuba, ambako miti mirefu ni adimu. Mingi ilitoka Lamu. Serikali ilikataza kuisafirisha nje mwaka 1982. Basi mtu wa Mji wa Kale hulala chini ya mikoko maisha yake yote, na huenda asiuone mkoko ulio hai hata mara moja.

Tulipita chini ya daraja la Nyali, magari yakinguruma juu ya vichwa vyetu, tukaiacha Tudor kushoto. Kutoka hapo mkono wa bahari hufunguka ukawa kama ziwa, kisha hugawanyika na kuingia bara kiasi cha kilomita 10. Mikindani iko upande wa magharibi, na upande wa pili ni Kisauni. Mbele zaidi iko Jomvu Kuu, mji wa Wajomvu, ambao ni moja katika Tisa Taifa za Mombasa. Kabla ya reli na barabara hii ndiyo iliyokuwa njia kuu. Wamijikenda waliteremsha nafaka na pembe, watu wa mjini wakapandisha nguo na chumvi, na kila mmoja alilazimika kuisubiri bahari impe maji ya kusafiria.

Mzee mvuvi alitungoja Mikindani na mtumbwi wake, pondo mkononi. Tulimpata kwa njia ya jamaa. Wasichana walimwita Ammu, nasi tukamwita hivyo hivyo, naye akatuita sote "wanangu", hata shangazi yetu aliyemshinda umri kwa miaka isiyopungua kumi. Mashua yetu ilifuata mtumbwi taratibu mpaka injini ikazimwa, na tukaingia msituni kwa kafi.

Ukubwa wa ukimya ule haukutujia mara moja. Masikio yalihitaji muda kuiacha Mombasa. Kisha tukaanza kusikia msitu unavyolia: mlio mdogo wa kutatarika kutoka kila upande kama mafuta yanayochemka mbali, na mapovu yanayopasuka katika matundu ya kaa maji yanapoyajaza. Ammu alitutajia miti kama mtu anayetambulisha jamaa zake. Mlilana husimama mbele, miguu majini, na mizizi yake inayochomoza topeni ni myepesi hata wazee waliikata wakaifanya maboya ya nyavu. Nyuma yake ni mkoko, wenye mizizi iliyopinda kama mbavu. Kisha mkandaa na muia, na nyuma kabisa, mpakani mwa chumvi na nchi kavu, mchu. Kenya ina aina 9 za miti ya jinsi hii, na nyingi tulizionyeshwa mchana ule. Mkoko hauangushi mbegu kama mwembe. Mche huota ukiwa bado juu ya mama yake, ukarefuka kama rungu, na siku ukianguka huchoma topeni kwa ncha au huelea mpaka upate pa kushika. Msichana mmoja alisema ni mti unaozaa watoto wanaojua kutembea.

Maji yalikuwa yakipanda tukiyaona. Alama ya tope juu ya mizizi ilipotea kidogokidogo, na pamoja na maji wakaingia samaki. Kwanza wadogo wasiohesabika, wanaong'aa kama sindano zilizomwagika. Kisha chaa, kisha mkizi wakirukaruka, wale wale waliotungiwa methali ya hasira. Kamba nao wamo, wangali wadogo, kwani kamba wetu wa biriani huzaliwa bahari kuu, hukulia humu, kisha hurudi huko. Wote wanakuja kula na kujificha, maana mizizi ile ni kama seng'enge ambayo samaki mkubwa hawezi kuipenya kwa mbio.

Isipokuwa chewa, ambaye hana haja ya mbio. Wengi wetu tunamjua akiwa amekwisha kupaliwa magamba, nyama nyeupe isiyo na miiba mingi, kichwa kinachotosha supu ya nyumba nzima, na kwa sababu hiyo ndiye samaki wa mgonjwa, wa mzazi aliye ndani ya arobaini, na wa mgeni. Majini ni mtu mwingine kabisa. Hukaa kimya kando ya mzizi, rangi yake ya madoa ikifanana na kivuli, na windo likipita hufungua kinywa ghafla kiasi kwamba maji yenyewe hulivuta likaingia. Wakubwa wa jamii hii huishi nje, kwenye mwamba na vina virefu, na baadhi yao hupita urefu wa mita moja. Wadogo wao, hasa wa zile aina zinazopenda maji ya mitoni, hukulia katika mikoko kama hii.

Tulidhani uvuvi ungeanza maji yakiwa yamejaa. Ammu alikunja mshipi wake mkononi na kutulia. "Sasa wote wamo ndani, na ndani ni kukubwa," alisema. "Ngojani maji yageuke. Yakianza kutoka, kila kijito ni mlango, na chewa hukaa mlangoni."

Tulitumia muda ule kusali Alasiri. Kaka zetu walisali kwanza, kisha sisi kwa zamu, kwa kukaa, kwa kuwa mashua haikuwa na nafasi salama ya kusimama. Udhu tuliutia kwa maji ya bahari yaliyotuzunguka.

Maji yaligeuka baada ya saa kumi na nusu. Jani lililokuwa limesimama lilianza kusogea kuelekea baharini, na Ammu akaupeleka mtumbwi kwenye mdomo wa kijito ambamo mikoko miwili imeinamiana. Hakuna ufito wala gurudumu katika kazi yake. Ana mshipi wa mkono, chubwi dogo, ndoana moja, na chambo cha kaa aliyevunjwa vipande. Ujuzi wote umo katika mahali pa kuitupa na katika dakika ya kwanza baada ya samaki kushika. Chewa akishaimeza ndoana hukimbilia mizizini, na akifika hufungua mashavu na mapezi akajikaza kama kabari. Ukivuta, utavuta mti. Mvuvi hodari humwondoa mlangoni kabla hajageuka, na akichelewa hulegeza mshipi, akakaa, akavuta uradi, mpaka samaki adhani mambo yamekwisha atoke mwenyewe. Tulimwona Ammu akilegeza kwa muda wa kutosha kumaliza tasbihi nzima. Wa kwanza alitoka, chewa wa kilo kama tatu, mwenye madoa ya rangi ya chungwa. Wa pili alikata mshipi akabaki na ndoana, na shangazi yetu akamwombea maisha mema.

Wa tatu alivuliwa na msichana mdogo kuliko wote. Alikuwa na urefu wa shubiri moja na vidole vinne, hai kabisa, ndoana imeshika mdomoni tu. Hapo ndipo palipotokea mazungumzo ambayo hayajaisha mpaka leo.

Dada yetu mmoja, mwalimu wa sayansi, alitaka arudishwe. Sababu yake ni hii. Chewa wa jamii hii huanza maisha yao wakiwa majike. Huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutaga, na baadhi yao wakishakuwa wakubwa hugeuka kuwa madume. Ukivua wakubwa tu, utayamaliza madume. Ukivua wadogo tu, hutapata mama wala baba. Yule aliyekuwa ndani ya mashua yetu hajawahi kutaga hata mara moja.

Ammu alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Mwanangu, nikimregesha miye, kesho atatwaliwa na mwenye chandarua. Afadhali ale mtoto aliyemvua." Chewa akaingia kapuni. Msichana alifurahi, mwalimu hakufurahi, na sisi wengine tulinyamaza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amesema kweli.

Chandarua chenyewe tulikiona njiani tukirudi, kimefungwa kwenye vijiti kuvuka kijito kizima. Ni kile cha kujikinga na mbu, tundu zake hazipitishi hata uduvi. Maji ya bamvua yanapotoka, kila kilichoingia kula hukwama humo: chaa wa urefu wa ukucha, kamba wa siku chache, chewa wa kidole. Tusichanganye na kutanda uduvi kwa nguo, kazi ya tangu zamani ya wanawake wa pwani, ambao huingia majini hadi kiunoni, huvua kwa saa moja, na huondoka. Chandarua kilichofungwa mlangoni hakimwachi mtu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 haiwakubali wavuvi wa nyavu za namna hii, na kamati za wavuvi za ufuoni, zinazojulikana kwa herufi BMU, zinapaswa kuziondoa. Lakini kijito ni vingi, na anayekitega ni jirani.

Wala si rahisi kumhukumu jirani huyo. Dagaa wale wa mikokoni hununuliwa na akina mama karanga, wanawake wanaowakaanga na kuwauza kando ya njia jioni, na wanunuzi wao ni watu wasioweza kununua kwa kilo. Kwa shilingi chache mtoto hupata kitoweo na ugali wake. Mwenye kusimama na kusema "komesheni" hana budi kuonyesha mtoto yule atakula nini kesho. Sisi hatuna jibu kamili. Tunaona tu kwamba wako watu wenye uwezo wa kuchagua, na kwamba wengi wao ni wasomaji wa jarida hili.

Maana yuko mnunuzi mwingine, naye si mama karanga. Nenda katika soko la samaki la Mji wa Kale asubuhi ya Ijumaa, au siku mbili kabla ya harusi. Anayeulizwa sana ni chewa wa kuenea sahani, mmoja kwa kila mgeni, mzima na kichwa chake, apakwe nazi na ukwaju awekwe mbele ya mtu kama alivyo. Yeye ndiye hasa yule wa shubiri moja na vidole vinne. Muuzaji huleta kile kinachoulizwa. Bibi zetu, waliopika kwa sinia, walinunua chewa mkubwa wakamkata vipande, kichwa kikaenda kwenye supu na mifupa ikaenda kwenye mchuzi. Waliotaka samaki wadogo walinunua wale ambao Mwenyezi Mungu amewaumba wadogo, kama simsim na tafi. Hatudhani walifanya hivyo kwa elimu ya kisayansi. Ilikuwa ndiyo desturi ya sinia, na sahani ya mtu mmoja mmoja imekuja na kumbi za kukodi.

Samaki si wote waliotusumbua katika safari hii. Miti yenyewe inapungua. Tulipita mahali pengi ambapo mbele ya macho ni ukuta wa kijani, na hatua ishirini nyuma yake ni visiki. Watu hukata kuni, hukata nguzo za kujengea, na ndani ya vijito vilivyofichika hukata miti ya kupikia pombe haramu, kwa kuwa moshi hauonekani kirahisi. Wachunguzi waliolinganisha picha za kutoka angani za mwaka 1992 na za 2009 walikuta msitu wa Tudor na ule wa Mwache imepungukiwa vibaya. Mwache, ulio upande wa Port Reitz, ulipata msiba mwingine: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya bara ukaifunika mizizi inayopumua, na miti ikafa imesimama. Mti uliokufa hivyo bado huvuta samaki kwa miaka michache, kama mbao za ile merikebu ya Wareno. Kisha huoza, na hapo mahali hubaki tope tupu.

Na yako maji machafu. Sehemu kubwa ya uchafu wa kisiwa na wa mitaa ya ng'ambo huishia katika mkono huu bila ya kusafishwa. Mikoko huuchuja kwa kadiri ya uwezo wake, lakini uwezo huo una mpaka. Kila mtoto wa madrasa hufundishwa kwamba Mtume (s.a.w.) ametukataza kujisaidia penye maji watu wanayoyaendea, njiani, na kivulini. Mkono wa Tudor ni yote matatu kwa pamoja: ni maji, ni njia, na ni kivuli. Tulipopita tena chini ya Mji wa Kale tuliyaona mabomba yetu wenyewe yakitoka ukutani. Mmoja wetu aliitambua nyumba ya mjomba wake.

Habari njema zilikuwepo pia, na hatupendi kuzificha. Kwa miongo mingi barabara ya Makupa, iliyojengwa juu ya kifusi, iliikata bahari iliyokuwa ikizunguka kisiwa, na maji ya upande ule yakabaki yamelala karibu na jaa la Kibarani. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja mahali pake. Nahodha wetu anasema sasa anausikia mkondo pale ambapo baba yake hakuwahi kuusikia. Mikindani na Jomvu viko vikundi vya vijana na wanawake vinavyopanda mikoko. Ammu alituonyesha kiwanja cha miche ya miaka mitatu hivi, imejipanga mno kwa mti wa porini, majani yake tu yakichungulia juu ya maji. Mingi ilikufa mwaka wa kwanza, alisema, kwa sababu waliipanda mahali pa chini mno, panapokaa maji muda mrefu kuliko mche unavyostahimili. Safari ya pili waliwasikiliza wazee juu ya kina cha maji, na iliyobaki ndiyo ile. Katikati ya mistari vilikuwa vimeshaingia vichaa vidogo.

Tulifika nyumbani kabla ya Magharibi. Chewa wa kilo tatu aligawanywa vipande kumi na viwili, na kipande cha shingo kikapelekwa kwa jirani anayeuguza. Yule mdogo alikaangwa mzima kwa ajili ya aliyemvua, na mwalimu alimpakulia mwenyewe.

Kwa familia zitakazopenda kwenda: chagueni tarehe 15, 16 au 17 ya mwezi wa Kiislamu, au siku mbili tatu za mwanzo baada ya mwandamo, na mwondoke mara baada ya Adhuhuri ili maji yanayoingia yawapandishe na yanayotoka yawarudishe. Miezi ya matlai, upepo ukiwa mchache, ni bora kwa watoto kuliko kusi. Jaketi za kuelea ziwe kwa kila mtu, pamoja na anayejua kuogelea. Vaeni viatu vya kufungwa, kwani magamba ya chaza kwenye mizizi hukata kama wembe. Beba maji ya kunywa na mfuko wa kurudishia taka. Muulizeni mvuvi mapema bei yake, mlipeni kabla ya jasho lake kukauka, na akisema maji yamegeuka ni saa ya kutoka, msimwombe dakika kumi zaidi. Vijito vya ndani hukauka haraka, na mashua iliyokwama topeni husubiri hapo mpaka bamvua la alfajiri.